Kupika Matokeo Maabarani: Ni Nani Anayedanganywa?

Kabla sijatoa maoni yangu sina budi kukiri kosa. Muhula wa kwanza mwaka huu, kikundi chetu cha watu wanne kilipika matokeo ya titresheni. Sisemi kupika kwa sufuria. Kila anayesoma kemia katika shule hii analielewa neno hilo bila kufungua kamusi.

Mambo yalikwenda hivi. Bureti yetu ilikuwa ikivuja pale penye koki, tone moja moja, na hatukuona mapema. Usomaji wa kwanza tulipata 27.4. Wa pili 26.1. Mikono ikaanza kutetemeka maanake saa zilikuwa zimekwisha. Ndipo minong'ono ikatoka benchi la mbele kwamba thamani ya mwalimu ni 24.8. Basi hatukungoja kengele. Tuliandika 24.8, 24.7, 24.8, tukachora jedwali kwa rula, tukatafuta wastani kwa mbwembwe zote. Tulipata alama zote, na chini ya kazi pakaandikwa kwa wino mwekundu, "Kazi safi."

Kwa wale ambao hawafanyi kemia, niwaeleze kwamba thamani ya mwalimu ni lile jibu ambalo mwalimu mwenyewe hupata akifanya jaribio kabla yetu. Ukiwa karibu nalo, alama ya usahihi ni yako. Ukiwa mbali, alama hiyo imekwenda. Hata katika mtihani wa kitaifa shule hutuma thamani yake, na msahihishaji huitumia kama mizani.

Sasa jambo linaloniuma ni hili. Kwenye benchi la dirishani kuna msichana mmoja wa darasa letu, mpole sana, ambaye alipima kweli. Alipata 25.6 mara tatu mfululizo, akaandika 25.6. Akakosa alama. Alikuja kuniuliza, "Kwani nyinyi mlifanyaje?" Nami nikamjibu bila haya, "Ni kuwa makini tu." Jamani! Njia ya mwongo ni fupi, lakini siku hiyo niliiona ndefu mpaka nyumbani.

Nisingeandika habari hii kama isingekuwa swali nililomuuliza mwalimu wetu wa historia. Tulikuwa tukirudia mambo ya kidato cha kwanza, chanzo cha binadamu, na ile orodha ya miaka: huyu milioni moja na nusu, yule milioni mbili. Nikauliza, je, nani aliihesabu hiyo miaka, na alihesabia nini? Mwalimu akacheka, akasema swali hilo nilipeleke upande wa kemia. Mwalimu wa kemia naye akaniazima vitabu viwili na gazeti moja la sayansi. Nilivisoma wakati wa likizo, na nilipovimaliza niliona aibu juu ya ile 24.8 kuliko nilivyoona aibu siku yenyewe.

Hebu niwasimulie kwa ufupi, ingawa sehemu nyingine haitakuwa fupi.

Potasiamu mnaijua. Imo katika ndizi, katika mbolea na katika mawe ya volkano. Kati ya atomu 10,000 za potasiamu, karibu moja tu ni ya aina nzito kidogo inayoitwa potasiamu-40. Atomu za elementi moja zinazotofautiana uzito ndizo huitwa isotopu, na hii isotopu si tulivu. Polepole mno inageuka. Nusu yake hubadilika kwa muda wa miaka milioni 1,250 hivi. Nyingi huwa kalsiamu, lakini karibu 11 katika kila 100 huwa gesi ya agoni. Mlima wa moto unapotokota, agoni yote ya zamani hutoroka kama mvuke wa uji. Jiwe au jivu likipoa, ni kama umefunika sufuria: agoni mpya inayozaliwa ndani ya chembe haina pa kutokea. Ukija baada ya miaka milioni kadhaa, ukayeyusha chembe hiyo ndani ya chombo kisicho na hewa, ukapima agoni iliyonaswa na potasiamu iliyomo, unapata umri. Saa iko ndani ya jiwe.

Ukisoma hivi unafikiri ni rahisi. La, hasha. Gesi yenyewe ni kidogo sana hata huwezi kuiona wala kuinusa. Tena hewa hii tunayovuta ina agoni karibu asilimia moja, kwa hiyo uvujaji mdogo tu wa hewa kwenye mtambo unakuharibia kazi nzima. (Hapo nilikumbuka koki yetu.) Isitoshe, jivu la volkano likisombwa na mto huchanganyika na chembe za mawe ya kale, na ukipima mchanganyiko huo utapata umri usio wa yeyote.

Mojawapo ya maabara zilizosifika kwa kazi hii ni ile ya Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, Marekani. Huko Jack Evernden na Garniss Curtis walitumia mtambo wa kutenganisha atomu kwa uzito, na mwaka 1961 wao pamoja na Louis Leakey walitangaza kwamba tabaka alimopatikana Zinjanthropus wa Olduvai, Tanganyika, lina miaka milioni 1.75. Kabla ya hapo Leakey mwenyewe alikuwa akikisia miaka kama laki sita. Fikiria mtu anaambiwa kwamba kitu chake kina umri karibu mara tatu ya alivyodhani! Hiyo namba 1.75 tunaikariri sisi kama jedwali la kuzidisha, na hakuna anayetuambia kwamba ilitoka kwenye kombo la gesi.

Lakini kisa kilichonigusa ni cha kwetu Kenya. Mwaka 1969, mwanafunzi mmoja wa jiolojia, Kay Behrensmeyer, aligundua zana za mawe katika tabaka la jivu la volkano huko Koobi Fora, mashariki mwa ziwa ambalo wakati huo liliitwa Rudolf na tangu mwaka 1975 linaitwa Turkana. Jivu hilo likapewa jina KBS, yaani mahali pa Kay Behrensmeyer. Sampuli zikapelekwa Uingereza kwa Frank Fitch wa London na Jack Miller wa Cambridge. Jibu la kwanza lilikuwa zaidi ya miaka milioni 200! Walijua haiwezekani, maana katika matabaka hayo kulikuwa na mifupa ya tembo na nguruwe. Chembe za kale zilikuwa zimejichanganya. Wakaomba chembe safi za feldispa, wakapima upya, wakapata miaka milioni 2.61, na wakaiandika pamoja na kadiri ya kukosea, robo milioni juu au chini.

Namba hiyo ikakaa. Kisha mwaka 1972 Bernard Ngeneo, Mkenya wa kile kikosi cha watafutaji mashuhuri kilichoongozwa na Kamoya Kimeu, aliona vipande vya mfupa vikichungulia kwenye korongo. Vilipounganishwa likawa fuvu linaloitwa 1470, lenye ubongo mkubwa, zaidi ya sentimita za ujazo 700. Na lilikuwa chini ya jivu la KBS. Kama jivu lina miaka milioni 2.61, basi fuvu linapita hapo. Ghafla Kenya ikawa na mtu wa kale kuliko wote wa jamii ya Homo. Magazeti yakaandika, Richard Leakey akasifiwa dunia nzima. Mimi Mkenya ningefurahi pia. Nani asingefurahi?

Sasa tazama aliyeharibu sherehe: nguruwe. Naam, nguruwe. Mtaalamu mmoja, Basil Cooke, alikuwa akichunguza meno ya nguruwe wa kale. Kuna aina ambayo gego lake la mwisho lilirefuka kadiri vizazi vilivyokwenda, kwa hiyo jino lenyewe ni kama kalenda. Alipolinganisha nguruwe wa Koobi Fora na wale wa bonde la Omo, Ethiopia, aliona kwamba wale waliopatikana chini ya jivu la KBS walifanana na wale wa Omo wenye miaka milioni 2 tu. Kulikuwa na tofauti ya zaidi ya nusu milioni kati ya jino na mtambo.

Upande mmoja ukasema nguruwe wa Turkana huenda walibadilika mapema kuliko ndugu zao wa Omo. (Ati nguruwe wa Kenya walikuwa na haraka zao!) Upande wa pili ukasema mtambo umekosea. Mwaka 1975 Curtis na wenzake wa Berkeley, akiwemo mwanafunzi kijana Thure Cerling, wakachapisha vipimo vyao: sehemu moja milioni 1.60, sehemu nyingine milioni 1.82. Wakafikiri labda yanayoitwa KBS ni majivu mawili. Mwaka 1976 wenzao wa Uingereza wakajibu kwa hesabu mpya, milioni 2.42. Mwaka huo huo njia tofauti kabisa, ile ya kuhesabu makovu yanayoachwa na atomu za urani ndani ya chembe za zirikoni, ikatoa milioni 2.44.

Wenzangu, simameni hapo kidogo. Njia mbili mbalimbali, majibu yanakaribiana, 2.42 na 2.44. Mimi ningepiga muhuri. Mwalimu yeyote angetoa alama ya usahihi na ya ulinganifu. Kumbe zote mbili hazikuwa sawa!

Mwaka 1979 Cerling na Frank Brown walionyesha kwa kemia ya jivu lenyewe kwamba KBS ni jivu lile lile lililoko Omo kwa jina H2, kwa sababu kila mlipuko wa volkano una mchanganyiko wake wa elementi kama alama ya kidole. Mwaka 1980 Andrew Gleadow akarudia kuhesabu makovu ya zirikoni kwa uangalifu zaidi, akapata milioni 1.87. Ian McDougall na wenzake kule Australia wakapima chembe safi za feldispa, wakapata 1.89. Berkeley nao wakachapisha upya mwaka huo: umri ni kama milioni 1.8, na ile habari yao ya majivu mawili wakaiacha. Fuvu la Ngeneo likashuka, likawa na miaka karibu milioni 2. Bado ni la heshima kubwa, bado liko Nairobi, ila ile sifa ya kushangaza ilikwisha.

Kwa nini nawachosha na haya yote? Kwa sababu sioni mahali popote katika kisa hiki ambapo mtu alipika. Walikosea, tena walikosea wakiwa na mitambo ghali na shahada ndefu. Cambridge walikosea, Berkeley walikosea, wahesabu makovu walikosea. Lakini kila mmoja aliandika kile mtambo ulichosema. Hata ile aibu ya miaka milioni 200 hawakuificha. Ndiyo maana wengine waliweza kurudi nyuma na kutafuta kosa liko wapi: ni chembe chafu, ni gesi, ni hesabu? Kama Berkeley mwaka 1975 wangesikia minong'ono kwamba thamani ya mwalimu ni 2.61, wakaandika 2.6 ili wasionekane wajinga, sisi leo katika historia tungekuwa tunakariri uongo, na tungeandika uongo huo katika mtihani na kupata alama.

Tena nadhani, na haya ni mawazo yangu, kwamba namba inayotarajiwa ina uchawi fulani. Mtu mwaminifu kabisa akijua jibu linalongojwa atalitafuta bila kujijua. Akilipata ataacha kutafuta, na asipolipata atapima tena. Sembuse sisi ambao hata hatujifichi!

Narudi shuleni kwetu. Wiki tatu baada ya ile titresheni nilikuwa nikisaidia kuosha vyombo maabarani, nikamsikia fundi wa maabara akilalamika kwamba asidi ilimwishia siku ile, akalazimika kutengeneza chupa ya pili kwa haraka kwa ajili ya mabenchi ya dirishani. Nikaacha kuosha. Nikamuuliza ya pili ilikuwa sawasawa na ya kwanza? Akasema, "Karibu." Karibu! Basi yule msichana na 25.6 yake huenda alikuwa sahihi kabisa kwa asidi aliyopewa. Thamani ya mwalimu ilikuwa ya chupa nyingine. Na kwenye mabenchi ya dirishani walikuwapo vikundi vitano. Kama vyote vitano vingeandika walichokiona, mwalimu angeona 25.6, 25.5, 25.6 zimejipanga upande mmoja wa chumba, na angejua mara moja kwamba kuna jambo. Lakini vinne vilisikia minong'ono vikaandika 24.8. Akabaki mmoja, na mmoja akionekana peke yake huonekana mjinga.

Hapa ndipo jibu la swali langu la kichwa lilipo. Tulidhani tunamdanganya mwalimu. Kumbe tuliyemuumiza ni mwenzetu, na mwalimu tulimnyima ushahidi wa kumsaidia.

Najua wengine mtasema, "Huyu anataka kutuharibia." Nimeyasikia hayo katika majadiliano ya chama. Kijana mmoja wa kidato cha nne aliniambia mbele ya watu kwamba mzazi wake anauza mboga ili alipe karo, na alama moja inaweza kumtoa kwenye daraja la C jumlisha hadi C, naye hawezi kulipa bei ya uaminifu wangu. Sikuweza kumjibu pale pale, na sitajifanya kwamba hoja yake ni ya kipuuzi. Mimi pia ni mtoto wa shule ya kutwa. Natembea kilomita nne asubuhi na nne jioni, na sijui matokeo mabaya yataeleza nini nyumbani. Lakini nimeifikiria hoja hiyo, na naona inathibitisha kwamba kosa si la wanafunzi peke yao. Tukisahihishwa kwa ukaribu na namba moja, namba hiyo itavuja kama koki yetu, na kila mtu ataikimbilia. Mtihani wa kitaifa hatuwezi kuubadilisha kutoka kwenye gazeti hili. Majaribio ya kila wiki tunaweza.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, idara ya sayansi ifikirie mambo haya. Katika majaribio ya kawaida ya muhula, alama ya ukaribu iondolewe au ipunguzwe, na badala yake itolewe alama kwa mwanafunzi atakayeandika usomaji wake kama ulivyo na kueleza kwa nini unaweza kuwa umepotoka: hewa iliyobaki kwenye ncha ya bureti, pipeti isiyojaa, koki inayovuja. Pili, matokeo ya vikundi vyote yabandikwe ukutani baada ya kila jaribio, benchi kwa benchi, tuyaone pamoja na tujadili yaliyotofautiana. Yale mazungumzo ya 1.60 na 2.42 hayakuwa matusi. Yalikuwa ndiyo kazi yenyewe. Na vyombo vibovu viandikwe kwenye daftari, si vipokezanwe kutoka kikundi hadi kikundi kama mzigo wa bahati mbaya.

Nimesikia pia hoja kwamba mambo ya isotopu ni ya Wazungu na fedha zao, sisi na bureti za kuvuja yanatuhusu nini? Yanatuhusu sana. Yule kijana Cerling alikuja kuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Utah, akafanya kazi ya isotopu kwa miaka mingi, na sehemu kubwa ya kazi yake ni ya huku kwetu. Mwaka 2011 yeye pamoja na wanasayansi wa Kenya, miongoni mwao Emma Mbua na Fredrick Kyalo Manthi, walipima kaboni katika meno ya kale ya jamii ya Zinjanthropus. Nyasi za nchi za joto zina uwiano wa kaboni-13 tofauti na wa majani ya miti, na jino hutunza alama ya chakula. Kwa miaka mingi vitabu vilisema kiumbe huyo, kwa magego yake makubwa kama vinu, alikuwa akivunja kokwa ngumu. Jino likasema asilimia 77 ya chakula chake, kwa wastani, kilitokana na nyasi na mimea ya jamii ya ndago. Thamani ya vitabu ikaanguka tena, na safari hii majina ya Wakenya yalikuwa kwenye karatasi hiyo.

Tena mwaka 2016 Cerling na wenzake walipima kaboni-14 katika pembe za ndovu zilizonaswa na serikali mbalimbali kati ya mwaka 2002 na 2014. Kulikuwa na madai kwamba pembe zinazouzwa zinatoka katika maghala ya zamani. Vipimo vikaonyesha kwamba ndovu karibu wote walikuwa wameuawa chini ya miaka mitatu kabla ya pembe kunaswa. Mwaka huo huo, tarehe 30 Aprili, Kenya ilichoma tani 105 za pembe pale Mbuga ya Nairobi. Hebu fikiria kama mmoja wa wapimaji hao angekuwa amezoea, tangu kidato cha tatu, kuandika namba inayompendeza mkubwa wake. Wapo watu ambao wangelipa fedha nyingi wapate namba tofauti, na mpimaji wa namna yetu angewauzia.

Mwaka ujao mimi na wenzangu tutakuwa kidato cha nne. Baadhi yetu tutakwenda kupima damu hospitalini, wengine maji, wengine mafuta ya petroli au dawa za mimea. Sijui mimi nitapima nini. Najua tu kwamba hadi sasa nina jaribio moja lenye alama zote ambalo sikulifanya.

Kuhusu yule jirani wa dirishani, nilimwambia ukweli wiki iliyopita, kabla ya kumkabidhi mhariri makala haya, pamoja na habari ya chupa ya pili. Alinyamaza kidogo. Kisha akauliza kama bureti yetu imetengenezwa. Nikamwambia bado, imefungwa utepe tu, na Jumatano ni zamu ya kikundi chao kuitumia.